Soma Kilichoandikwa: Ya Kufanya na Kutofanya Dukani na Mbele ya Kibodi

Mchana natengeneza kompyuta, jioni nafundisha vijana kuandika programu. Mchana naletewa mashine zilizonunuliwa kwa jina la kwenye stika. Jioni naonyeshwa programu zilizokwama kwa alama moja iliyofanana na nyingine. Wanaoniletea ni watu wenye akili timamu. Hawakusoma, basi. Hasara hizi nimechoka kuziona.

DUKANI: FANYA

Tenganisha majina. HP, Dell na Lenovo huunda na kuuza mashine nzima. Intel na AMD hutengeneza prosesa inayokaa ndani. Windows ni mfumo endeshi wa Microsoft. Anayesema "sitaki HP, nataka Intel" anamwambia muuza magari kwamba hataki Toyota, anataka injini. Intel walianza kampeni ya kubandikisha stika yao kwenye kompyuta za watu wengine mwaka 1991, na hadi leo wapo wanaodhani hilo ndilo jina la kompyuta. HP moja ina Intel, HP ya pembeni yake ina AMD. Uliza yote mawili.

Soma namba nzima ya prosesa. "i7" peke yake haikuambii kitu. Kizazi kimo kwenye tarakimu zinazofuata kistari: i7-2600 ni ya kizazi cha 2, mwaka 2011, i3-12100 ni ya kizazi cha 12, mwaka 2022. Hiyo i3 inaiacha i7 mbali. Mama mmoja alichanga fedha za mwaka mzima akamnunulia mwanawe wa chuo kompyuta mpakato kwa sababu ilikuwa "i7". Nilipoiwasha nikakuta i7-2640M, yenye viini viwili tu, ya mwaka 2011. Windows 11 haiungi mkono rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mama yule alilipia herufi na tarakimu moja. Tena jihadhari: mwishoni mwa 2023 Intel walileta majina ya Core Ultra, na ile "i" haipo. Soma upya, usikisie.

Washa mashine kabla hujatoa fedha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome jina la prosesa na kiasi cha RAM kwenye skrini. Stika za i7 zinauzwa kwa karatasi nzima, na mtu yeyote anaweza kuzibandika. Muuzaji akikukataza kuwasha, ondoka.

Linganisha chaja kwa maandishi yake. Volti ziwe zile zile za mashine. Ampia ziwe sawa au zaidi. Chaja nyingi za HP ni volti 19.5, nyingi za Lenovo ni 20, na mashine nyingi za zamani ni 19. Ncha kuingia kwenye tundu si ruhusa ya kuchomeka. Mteja wangu mmoja alikuwa na chaja ya kubadilisha volti, ile yenye swichi ubavuni. Ilikuwa imewekwa 24 na mashine yake ilitaka 19. Madabodi iliungua jioni ile ile, na faili za tasnifu hakuwa na nakala yake popote.

DUKANI: USIFANYE

Usiliite kasha zima "CPU". CPU ni prosesa, kipande kinachoenea kiganjani. Bwana mmoja aliniagiza kwa simu "CPU mpya" kwa ajili ya ofisi, akaandaa bajeti na kupata idhini ya wakubwa. Nilipofika, kilichokufa kilikuwa pawa saplai, kifaa cha bei ndogo sana. Ofisi ilikaa wiki mbili bila kazi kwa kusubiri fedha zisizohitajika.

Usinunue RAM kwa kuangalia GB peke yake. DDR3 haikai penye DDR4. Pengo la katikati liko mahali tofauti kwa makusudi, ili usiweze kuichomeka. Ikigoma, imekujibu. Usiisukume. Nimeona nafasi ya RAM iliyovunjwa kwa kidole gumba.

Usinunue fleshi ya terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Ni ya uongo. Chipu yake imefundishwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa, na ndani kuna GB chache tu. Utanakili video za harusi, majina ya faili yote utayaona, lakini nafasi halisi ikijaa, yanayofuata hayahifadhiwi popote au yanafuta ya mwanzo. Hakuna fundi atakayekurudishia. Ijaze na uisome kwa programu ya H2testw, au F3 kama unatumia Linux, siku hiyo hiyo uliyonunua.

Usigombane na muuzaji kwa sababu diski ya GB 500 inasoma 465. Kiwanda huhesabu kwa 1,000, Windows huhesabu kwa 1,024. Hapo hujaibiwa.

MBELE YA KIBODI: FANYA

Jifunze kazi ya kila alama katika lugha unayoiandika, si kazi uliyoizoea kwingine. Nyota na reli unazozipiga kwenye simu kila siku, *150*00#, zikiingia kwenye Python zinabadilika kabisa: nyota huzidisha, nyota mbili hupandisha kipeo, na reli huanzisha maelezo ambayo kompyuta haiyasomi. Kwenye dirisha la amri la Linux, nyota ni "mafaili yote". Angalia na kofia hii: ^. Kwenye Excel, 5^2 ni 25. Kwenye Python, 5^2 ni 7, kwa sababu kofia huko hulinganisha biti. Hakuna onyo jekundu litakalotokea. Utapata 7 na utaendelea na hesabu zako mbovu mpaka mwisho wa mwezi.

Tofautisha = na ==. Alama ya sawasawa aliianzisha Robert Recorde mwaka 1557, nasi tumeizoea tangu darasa la kwanza kwamba ni usawa. Kwenye C na Python, = ni kuweka thamani; kulinganisha ni ==. Hili si la wanaoanza peke yao. Novemba 2003, mtu asiyejulikana aliingia kwenye seva iliyohifadhi nakala ya programu ya kiini cha Linux akapachika mistari miwili. Kwa macho ilionekana inakagua kama mtumiaji ni namba 0, yaani mwenye mamlaka yote. Lakini iliandikwa kwa = moja, hivyo badala ya kukagua ingempa mamlaka hayo. Iligunduliwa kwa sababu badiliko lile halikuwa na kumbukumbu ya kuidhinishwa. Ukiona "kama x = 0" kwenye programu yako, simama.

MBELE YA KIBODI: USIFANYE

Usiandike programu ndani ya Word. Word hupinda alama za kunukuu ili zipendeze, na Python haizitambui. Utakesha ukitafuta kosa lisiloonekana.

Usichanganye mikwaju. Linux hutenga folda kwa /, Windows kwa \. Tofauti hii inatoka kwenye MS-DOS 2.0 ya mwaka 1983, wakati / ilikuwa tayari imepewa kazi nyingine.

Usiandike "Java" kwenye wasifu wako ukimaanisha JavaScript. Zote zilitangazwa 1995, lakini ni lugha mbili tofauti. Vivyo hivyo C, C++ na C#. Hizo ni lugha tatu. Kijana wangu mmoja aliitwa kwenye usaili wa lugha ambayo hakuwahi kuiona.

Usibonyeze Enter kwenye amri ya kufuta kabla hujaisoma alama kwa alama, pamoja na nafasi tupu. Mwaka 2011, programu ya Bumblebee, iliyotengenezwa kusaidia kompyuta mpakato zenye kadi za NVIDIA kwenye Linux, ilikuwa na amri ya kufuta folda moja ndani ya /usr. Baada ya neno /usr pakaachwa nafasi. Kompyuta ikasoma sehemu mbili badala ya moja, na ikaanza kufuta /usr yote. Ukipoteza /usr, kazi inayokubakia ni kusakinisha mfumo upya. Marekebisho yalikuwa kuondoa nafasi hiyo moja.