Prosesa mpya, na sasa kompyuta inauliza Y au N

Swali: Nimetoa Ryzen 5 2600 nikaweka Ryzen 7 5800X kwenye bodi ileile, baada ya kusasisha BIOS. Kompyuta inawaka, ila kuna ujumbe unaotaja fTPM na kutaka nibonyeze Y au N. Fundi anashauri tupige Windows upya. Nifanyeje?

Jibu: Tafadhali usikubali kupiga Windows upya, na usibonyeze Y kwanza. fTPM hutunza funguo za usalama, na funguo hizo zimefungamana na prosesa ya zamani. Ukibonyeza Y zinafutwa. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, itadai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, na bila huo mafaili yako hayasomeki. Wengi hawajui kuwa hata Windows Home huweza kuifunga diski yenyewe pale unapoingia kwa akaunti ya Microsoft.

Kwa hiyo fungua akaunti hiyo kwenye simu, utafute ufunguo, uuandike kwenye karatasi. Ukiupata, bonyeza Y, uuingize ukidaiwa. PIN ya kuingilia huenda ikakataa. Tumia nywila ya akaunti, kisha weka PIN mpya.

Usipoupata, bonyeza N, zima, rudisha prosesa ya zamani. Windows ikifunguka, nakili mafaili kwenye diski ya nje na uzime BitLocker kabisa, usubiri hadi ikamilike. Hapo ndipo ubadilishe tena. Kazi ya kupaka pasta upya inachosha, lakini picha na hesabu za biashara zina thamani kuliko jioni moja.