Nafaka ya Mwanafunzi Aliyebaleghe: Jukumu la Nani?



Somo letu la mwaka huu ni la wazee na wanafunzi pamoja. Kila unapoingia msimu wa karafuu, majamvi ya madrasa na madeski ya skuli hapa Pemba hupungua watu. Mmoja yuko mkarafuuni, mwengine kaenda dago na wavuvi, mwengine anamsaidia mama kwenye mwani. Baadhi yao hurudi, lakini wako wasiorudi tena, hasa waliokwisha baleghe. Ukiuliza, utajibiwa: "Huyo keshakuwa mkubwa, ajitegemee." Je, jawabu hilo ni sahihi?

1. Bila ya malipo si bila ya gharama

Tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila ya malipo Zanzibar. Hiyo ni neema kubwa. Lakini ada ni jambo moja, na kumuweka kijana skuli ni jambo jengine. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anahitaji sare, viatu, madaftari, nauli na chakula cha mchana. Anayeishi dakhalia anahitaji godoro, ndoo, sabuni na matumizi madogo. Msichana anahitaji vitu vya kujistiri kila mwezi, ambavyo huona haya kumuomba baba yake. Akivikosa, hubaki nyumbani.

Mara nyingi kijana haachi skuli kwa siku moja. Huanza kukosa siku mbili kwa sababu ya nauli, akaachwa nyuma kwenye hesabu, akafeli mtihani, akaona haya kurudi. Mwisho wake sisi wazee tunasema hana kichwa cha kusoma, na hatukumbuki kuwa yote yalianzia kwenye nauli.

2. Dini inatufunza nini?

Katika Suratut-Talaq, aya ya 7, Mwenyezi Mungu amemtaka mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyedhikika atoe katika kile alichopewa. Zingatieni kuwa aliyedhikika hakusamehewa kutoa, bali amepunguziwa kiwango. Na katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa katika mali inayotolewa kwa njia mbalimbali za kheri, yenye ujira mkubwa zaidi ni ile anayoitumia mtu kwa watu wa nyumba yake.

Ama kuhusu baleghe, mtoto mdogo asiye na mali, nafaka yake iko juu ya baba. Kuhusu kijana wa kiume aliyebaleghe na anayeweza kuchuma, wanazuoni wametafautiana. Wako, wakiwemo wa madhehebu ya Hanafi, waliomhesabu mwanafunzi anayeshughulika kweli na masomo kuwa ni sawa na asiyeweza kuchuma, basi nafaka yake inabaki. Na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Kubaleghe kunamuwajibisha kijana kusali na kufunga, lakini hakumtii pesa mfukoni.

3. Wazazi wakiachana

Bi Hind bint Utba alimshitakia Mtume (S.A.W.) kuwa mumewe, Abu Sufyan, hampi matumizi ya kutosha. Mtume akamruhusu kuchukua katika mali ya mumewe kinachomtosha yeye na watoto wake, kwa wema. Ikiwa haki ya mtoto ililindwa hivyo na wazazi wamo ndani ya ndoa, basi talaka haiwezi kuifuta. Talaka huvunja ndoa, haivunji ubaba. Mama aliyeachwa na watoto asione aibu kuwaita wazee wa pande zote mbili, na ikishindikana, kwenda Mahakama ya Kadhi.

4. Tutoe wapi?

Tutenge kabla ya kutumia. Baba anayeweka shilingi 500 kila siku hupata 15,000 kwa mwezi, na 150,000 kwa miezi kumi. Mkulima atenge thamani ya kilo moja katika kila kilo kumi za karafuu anazouza ZSTC, kabla pesa hazijafika dukani. Msimu mkubwa wa karafuu hauji kila mwaka, lakini skuli hufunguliwa kila mwaka. Na tujiulize: mbona michango ya harusi tunaipata, tena kwa wakati?

Aliyefiwa na baba ana babu, ami na majirani. Tusingoje mpaka aombe.

5. Wajibu wa mwanafunzi

Nanyi wanafunzi, mnachopewa ni amana. Nauli isigeuke vocha ya simu. Kuchuma karafuu siku za likizo na kuwasaidia wazee ni malezi mema, maadamu hakukutoi darasani.

Mkumbukeni Imam Shafi, aliyezaliwa Gaza mwaka 150 Hijria. Alifiwa na baba akiwa mdogo, na mama yake akampeleka Makka. Mama hakuwa na cha kumlipa mwalimu, na mwalimu akaridhika na kijana huyo kumsaidia kuwasomesha wenzake. Kwa kukosa karatasi, aliandika masomo yake kwenye mifupa. Mama hakuwa na mali, lakini hakumtoa mtoto chuoni.

Basi jawabu la suali letu ni kuwa jukumu ni la baba kwanza, kisha jamaa, kisha sisi sote. Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali na moyo wa kuitoa. Amin.

Maswali ya kujipima

1. Aliyedhikika amesamehewa kutoa nafaka? Eleza.
2. Tunajifunza nini katika kisa cha Bi Hind?
3. Kaa na wazee wako, muandike gharama zako za mwaka mmoja wa skuli, kisha mpange zitengwe kutoka wapi.