NAMNA YA KUMTAFUTA BABU ALIYEKWENDA VITANI ASIRUDI



Katika darasa la historia tunajifunza vita viwili vikubwa vya dunia. Tunaandika tarehe, tunaandika majina ya majenerali, kisha tunafunga daftari. Lakini hapa Songo, na Kimanga, na Kalundu, na kule juu milimani, kuna nyumba nyingi ambamo wazee wanasema: "Babu yetu alikwenda na Bula Matari, hakurudi." Mtu huyo hayuko katika daftari yetu. Katika somo hili tunataka kuonyesha namna ya kumtafuta. Mfano tunautoa katika jamaa yetu wenyewe, kwa sababu kazi hii tuliifanya na wadogo zetu wakati wa likizo kubwa.

Sababu ya kuifanya ilikuwa hii. Jamaa ilikusanya feza kidogo kwa kutengeneza jiwe la simenti la kumkumbuka babu. Baba wakubwa wawili walitaka liandikwe: "Alikufa Tabora, vitani na Waitalia." Wengine walikataa, wakasema si hivyo. Sasa, neno la mdomo linaweza kusahihishwa kesho. Neno lililoandikwa katika simenti, watoto watalisoma kama kweli mpaka mwisho. Kwa hiyo ilifaa kuchunguza kwanza.

1. ANDIKA MANENO YA WAZEE KAMA YALIVYO

Usiyatengeneze, usiyapambe. Mzee akisema "wakati wa mvua nyingi", andika hivyo. Usiandike mwaka ambao yeye hakuutaja. Andika pia jina la aliyesema, na yeye alisikia kwa nani. Sisi tuliuliza watu saba. Maneno yao yalikuwa haya: babu alikwenda na Bula Matari, alibeba mizigo ya vita, alivaa kofia nyekundu na kuwa na banduku, alipigana na Waitalia, aliugua tumbo, alikufa njiani kwenda Tabora, alileta blanketi nyumbani.

Soma tena orodha hiyo polepole. Mtu aliyekufa njiani kwenda Tabora alileta namna gani blanketi nyumbani? Hapo ndipo kazi inapoanza.

2. WEKA TAREHE ZA VITA PEMBENI

Hapa daftari ya historia inasaidia. Kwa upande wetu wa ziwa, vita vilikuwa viwili, na adui hakuwa mmoja.

Vita vya kwanza, 1914 mpaka 1918, adui alikuwa Mdachi. Yeye ndiye alitawala Urundi, Ruanda na Tanganyika, ng'ambo ya Ruzizi na ng'ambo ya ziwa. Tarehe 22 mwezi wa nane 1914, meli ya Wadachi, Hedwig von Wissmann, ilishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, huko Lukuga karibu na Kalemie ya leo. Mwaka 1916 jeshi la Kongo, lililoitwa Force Publique, chini ya Jenerali Tombeur, lilivuka mpaka likiwa na waaskari zaidi ya 10,000. Kundi la kusini liliongozwa na Olsen, mtu wa Denmark. Waaskari wa kundi hilo waliingia Usumbura, ndiyo Bujumbura, tarehe 6 mwezi wa sita. Kigoma ilichukuliwa tarehe 28 mwezi wa saba, na Tabora tarehe 19 mwezi wa tisa. Mwaka 1917 jeshi hilo lilifika hata Mahenge, mbali sana kusini.

Vita vya pili, 1939 mpaka 1945, kwa waaskari wa Kongo adui wa kwanza alikuwa Mwitalia, na mahali palikuwa Abisinia, ndiyo Ethiopia. Force Publique ilipita Sudani, ikachukua Asosa na Gambela mwezi wa tatu 1941, kisha ikapanda mlima wa Saio, mji unaoitwa leo Dembidolo. Kule mvua ilifunga njia, chakula kikapungua, magonjwa yakaua. Tarehe 3 mwezi wa saba 1941 Jenerali Gazzera wa Italia alijitoa mikononi mwa Jenerali Gilliaert pamoja na maelfu ya waaskari wake. Baadaye Wakongo wengine walipelekwa Nigeria, Misri na Palestina, na kikundi cha waganga na wauguzi kilifika hata Burma.

Basi hakuna Mwitalia aliyepigana Tabora. Kati ya Tabora na Saio iko miaka 25. Maneno ya wazee wetu yalikuwa kweli, lakini hayakuwa ya mtu mmoja.

3. HESABU VIZAZI

Chora mti wa jamaa. Anza na wewe mwenyewe, panda kwa wazazi, kwa babu na bibi, kisha juu yao. Pembeni ya kila mmoja weka mwaka wa kuzaliwa unaokadiria, ukihesabu miaka 25 ao 30 kwa kizazi. Kwetu ilionekana mara moja kwamba mtu wa 1916 na mtu wa 1941 hawawezi kuwa umri mmoja. Wanaweza kuwa baba na mwana.

4. ULIZA PIA WAMAMA

Neno hili tunalisema kwa nguvu. Katika jamaa nyingi, habari za vita wanaulizwa wanaume tu, juu ya watu hufikiri vita ni mambo ya wanaume. Bibi yetu, mwenye kupita miaka themanini, alikuwa akikaa pembeni akichambua mchele, hakuna aliyemwuliza. Tulipomwuliza alijibu bila kufikiri:

"Baba yangu alirudi. Ni yeye alileta blanketi. Asiyerudi ni baba yake. Wakati anaondoka, baba yangu alikuwa mgongoni mwa mama yake."

Basi mambo yakafunguka. Baba wa bibi ndiye alikuwa askari. Alikwenda Abisinia, akarudi, akalima, akazeeka. Kaburi lake tunalijua. Baba yake huyo askari ndiye alikwenda upande wa Tabora, na hakuwa askari. Alikuwa mpagazi.

Bibi aliongeza kwamba mwenzake mmoja alirudi na habari: alimwacha kando ya reli, baada ya Kigoma, anaharisha damu, hawezi kusimama. Mizigo yake ikagawanywa kwa wengine, safari ikaendelea. Mke wake alingoja. Hakuna aliyekuja kumwambia kwa njia ya Leta, na matanga hayakufanywa, kwa sababu watu waliogopa kumlilia mtu ambaye labda yuko mzima.

5. PIMA HABARI KWA VITU VINAVYOJULIKANA

Je, habari ya mwenzake inasimama? Tulitazama. Mwaka 1916 reli ilikuwako kati ya Kigoma na Tabora? Ndiyo, Wadachi walikuwa wameifikisha Kigoma mwaka 1914. Lakini wakirudi nyuma walivunja madaraja, kwa hiyo mizigo ilirudi vichwani mwa watu. Ugonjwa wa kuharisha damu uliua wapagazi? Ndiyo, uliwaua wengi sana, pamoja na njaa, baridi na kifua. Watu waliozoea ndizi, muhogo na samaki walipewa nafaka ambazo hazikuiva vizuri, wakalala inje bila blanketi, wakiwa na mzigo wa kilo 25 na kupita. Habari inasimama.

Na idadi? Kwa vita vile vya kwanza Wabelgiji walitumia wapagazi wa Kongo wapata 260,000. Wengi walikamatwa tu vijijini, chifu akiambiwa alete watu. Askari alikuwa na nambari, mshahara na jina katika kitabu. Mpagazi mara nyingi hakuandikwa jina; alihesabiwa pamoja na mizigo.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Waingereza nao walichukua mamia ya maelfu ya wapagazi. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi yalipata majina kutoka kikosi hicho cha wapagazi. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Waingereza na nchi zilizokuwa zao ilitoa taarifa kwamba watu 116,000 hivi kwa uchache, na labda hata 350,000, waliokufa kwa ajili ya dola ya Uingereza katika vita vya kwanza, hawakukumbukwa kwa majina, ao hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki na Misri. Kwa hiyo ukikosa jina la babu yako kitabuni, usiseme kwamba jamaa inadanganya. Kitabu nacho kinaweza kukosa mtu.

6. TAFUTA KARATASI, LAKINI MAPEMA

Kwa askari, karatasi zinaweza kupatikana: kitambulisho cha jeshi, barua ya kuachishwa kazi, medali, foto. Kwenye medali soma maandiko na miaka. Kwenye foto tazama nyuma, mara nyingi kuna maneno kwa kalamu ya risasi. Nambari ya matrikule ikipatikana, inakili bila kuruka hata tarakimu moja, sababu ndiyo ufunguo. Hifadhi za Serikali ya Ubelgiji na Makumbusho ya Jeshi, zote mjini Brussels, zinatunza karatasi za Force Publique. Mwenye ndugu kule anaweza kumwomba aandike barua.

Usisahau vitabu vya kanisa. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifika Uvira mwaka 1921. Mtu aliyebatizwa baadaye huenda aliandikwa pamoja na jina la baba yake, hata kama baba huyo alikufa zamani. Hivyo mpagazi anaweza kuonekana kwa mlango wa mwana.

Lakini tufanye haraka. Karatasi za Uvira zimeteseka sana: vita vya 1964, vita vya 1996, na maji ya Mulongwe ya mwezi wa nne 2020 yaliyobeba nyumba pamoja na masanduku. Sanduku la bati la jamaa yetu lilikwenda na maji hayo. Na watu wenyewe wanakwisha. Mwezi wa sita 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani huko Kinshasa Kaporali Albert Kunyuku, mwenye miaka 100, aliyejulikana wakati ule kuwa wa mwisho mzima kati ya waaskari wa Kongo wa vita vya pili. Kwa vita vya kwanza, wa kuulizwa ni watoto na wajukuu tu.

7. TENGA KWELI NA LABDA

Chora safu tatu. Ya kwanza: "Tunajua." Ya pili: "Inaelekea." Ya tatu: "Wanasema." Kila neno uliweke mahali pake, wala usilihamishe kwa sababu linapendeza. Kwetu ilikuwa hivi:

Tunajua: alikuwa mpagazi; aliondoka mwana wake akiwa mchanga; hakurudi.
Inaelekea: alikwenda na kundi la kusini mwaka 1916, akafa kwa ugonjwa kati ya Kigoma na Tabora.
Wanasema: mwenzake alimfunika na majani na kuweka jiwe.

Jamaa ilipokutana tena, tuliwasomea safu hizo. Baba mkubwa mmoja alisikitika, akasema: "Basi babu hakuwa na banduku?" Bibi akamjibu: "Na hiyo banduku ingekula nini, kama hakuna wa kubeba risasi?" Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Mwishowe walikubali jiwe liwekwe karibu na kaburi la mwana wake, na liandikwe jina lake, kisha: "Mpagazi. Alichukuliwa 1916. Hakurudi." Hakuna Mwitalia, wala hakuna Tabora. Na siku simenti ilipokauka, wamama walilia matanga yake, miaka zaidi ya mia baada ya kuondoka kwake.

Wenzetu, hatusemi kwamba askari ni mdogo na mpagazi ni mkubwa. Wote wawili walipelekwa katika ugomvi wa wageni. Tunasema tu kwamba mmoja aliandikwa na mwingine hakuandikwa, na kalamu ya kumwandika sasa iko mikononi mwetu, sisi tunaosoma.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mzee anasema: "Babu alipigana na Wadachi huko Abisinia." Ni neno gani haliendi pamoja na lingine? Ungemwuliza nini, kwa heshima, bila kumwaibisha?
2. Kwa nini jina la mpagazi ni gumu kupatikana kuliko la askari? Toa sababu mbili.
3. Katika jamaa yako, nani ni mzee kuliko wote kati ya wanawake? Umekwisha kumwuliza?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mwanafunzi alete, kabla ya mitihani ya muhula, jina moja la mtu wa jamaa yake aliyekwenda vitani ao upagazi, pamoja na safu zake tatu. Majina yataandikwa katika daftari moja kubwa, nayo itawekwa katika biblioteki ya shule, katika kabati ya juu, mahali maji hayafiki.

Doyen wa wanafunzi, mwaka wa sita