Redio, Taa na Treka: Vinavyomaliza Betri za Tuktuk ya Umeme

Betri za tuktuk ya umeme zinapochoka mapema, lawama huenda kwanza kwa muuzaji au kwa chaja. Kabla ya kununua nyingine, mwenye tuktuk afungue kiti na kufuata waya za redio. Zimefungwa wapi?

Tuktuk nyingi za betri za asidi huwa na betri tano za volti 12, zilizounganishwa kwa mfululizo kutoa volti 60. Magari madogo ya umeme ya hotelini na ya viwanja vya gofu yako vivyo hivyo, ila mengi ni ya volti 48. Redio, taa za mapambo na chaja ya simu huhitaji volti 12 tu. Fundi mwenye haraka hufunga waya zake kwenye betri moja kati ya hizo tano. Redio inalia, fundi analipwa, na kwa wiki kadhaa hakuna anayeona kasoro.

Lakini betri hiyo sasa ina kazi mbili: kusukuma mota pamoja na wenzake, na kulisha redio peke yake. Jioni hurudi ikiwa chini kuliko nyingine. Chaja nayo haitazami betri mojamoja, hutazama jumla. Kwa kuwa mkondo uleule hupita kwenye betri zote, nne hujaa na chaja hupunguza nguvu huku ya tano ikiwa haijashiba. Chaji ikiendelea, zile nne huchemka na kupoteza maji. Ile yenye upungufu hufanya ukoko wa salfeti kwenye sahani zake, na kila siku hubeba chaji kidogo kuliko jana. Siku itakapokufa, tuktuk nzima itasimama njiani na abiria ndani, ingawa betri nne ni nzima.

Dawa yake ni konvata inayopokea volti 60 kutoka ncha mbili za mfululizo mzima na kutoa 12. Hapo betri zote huchangia sawa. Fyuzi iwekwe karibu na betri, kwani waya ukichubuka bila fyuzi unaweza kuwasha moto. Swichi iwekwe kabla ya konvata, si baada yake, maana konvata yenyewe hunywa umeme kidogo hata redio ikiwa imezimwa.

Kidogo hicho si cha kupuuza. Treka au redio inayotumia ampia 0.05 tu humaliza ampia-saa 36 kwa siku 30. Kwa betri ya ampia-saa 100, hiyo ni zaidi ya theluthi moja, na tuktuk haijatoka nyumbani. Wanaosafiri na kuacha chombo kimeegeshwa wakate swichi hiyo. Kama treka lazima ibaki ikifanya kazi, tuktuk ichajiwe kila baada ya wiki chache.

Taa pia zina hesabu yake. Taa mbili za mbele za halojeni za wati 55 hutumia wati 110. Kwa saa tatu za usiku ni wati-saa 330. Taa za LED hutoa mwanga wa kutosha kwa sehemu ndogo ya umeme huo.

Kujua kama madhara yameanza ni rahisi kwa mwenye mita. Chaji betri zijae, ziache zipumzike saa kadhaa, kisha pima kila moja. Iliyojaa husoma karibu volti 12.7. Ikiwa nne zinasoma hivyo na moja inasoma 12.2, hiyo imebaki na takriban nusu ya chaji, na ndiyo ya kufuata waya zake. Ikiwahiwa, huweza kuchajiwa peke yake kwa chaja ya volti 12 hadi ilingane na nyingine.

Ikishindikana, kuchanganya betri mpya na nne kuukuu ni hasara: zile kuukuu huivuta chini ile mpya. Betri iliyokufa irudishwe kwa muuzaji anayepokea za zamani, isipasuliwe nyumbani. Wakaazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na sumu ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na watoto ndio huumizwa zaidi na sumu hiyo.