Kisa cha Jitu Uj: Tujue Tunachowasimulia Watoto

Wengi wetu tumekulia katika kisa cha Uj bin Unuq. Tuliambiwa kwamba lilikuwa jitu lenye urefu wa dhiraa 3,333 na theluthi, likivua samaki baharini na kuwabanika kwenye jua. Gharika ya Nabii Nuh (a.s.) haikulifika magotini. Likaishi hadi zama za Nabii Musa (a.s.), likang'oa mlima ili liwaponde Bani Israil. Ndege akautoboa ule mlima, ukalivaa shingoni. Musa, mwenye urefu wa dhiraa kumi na fimbo ya dhiraa kumi, akaruka dhiraa kumi, akalipiga kwenye kifundo cha mguu, likafa.

Kisa ni kitamu. Lakini kimetoka wapi? Katika Qur'an hakimo, na katika hadithi sahihi za Mtume (s.a.w.) hakimo. Kimo katika Talmud, mkusanyiko mkubwa wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi. Humo jitu linaitwa Og, mfalme wa Bashani. Zile kumi tatu ni zile zile, isipokuwa Musa ameshika shoka badala ya fimbo, na waliotoboa mlima ni sisimizi badala ya ndege.

Mayahudi wenyewe hutenganisha mambo mawili katika mafundisho yao: halakha, yaani hukumu za sheria, na hagada, yaani visa na mawaidha. Mwanachuoni wao Musa bin Maimun, aliyefariki Misri mwaka 1204, aliwakosoa wale wanaochukua kila kisa cha hagada kwa maana yake ya juu juu. Katika zama za karibu, waandishi kama Agnon, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1966, na Singer, aliyeipata mwaka 1978, walitunga hadithi fupi zilizochota katika hazina hiyo. Anayezisoma anajua kwamba anasoma hadithi ya kutungwa.

Kwetu mambo yalikwenda vingine. Visa vya namna hii, vinavyoitwa Israiliyyat, viliingia kupitia wasimulizi wa misikitini na watu waliojua habari za vitabu vya kale, kama Ka'b al-Ahbar na Wahb bin Munabbih, ingawa si kila kinachonasibishwa kwao ni chao. Vikaandikwa pembeni mwa aya. Mtu wa kawaida akaona ni tafsiri.

Je, tuvitupe vyote? Hapana. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliruhusu kusimulia habari za Bani Israil, na hapo hapo akaonya vikali dhidi ya kumzulia yeye uongo. Pia alielekeza kwamba tusiwasadikishe Watu wa Kitabu wala tusiwakadhibishe. Kutokana na hayo, wanavyuoni kama Ibn Taymiyya (aliyefariki mwaka 1328) wamevigawa visa hivi mafungu matatu. Kinachoafikiana na tulichonacho tunakikubali. Kinachopingana nacho tunakikataa. Kisichoafikiana wala kupingana kinaweza kusimuliwa, bila ya kukisadikisha wala kukikadhibisha.

Tukipime basi kisa cha Uj. Katika Suratush-Shu'araa (26:119-120) Mwenyezi Mungu anaeleza kwamba aliwaokoa Nuh na waliokuwa pamoja naye jahazini, kisha akawazamisha waliobaki. Mtoto wa Nuh mwenyewe alizama, wala mlima haukumfaa (11:43). Vipi kafiri mwingine apone kwa urefu wa miguu yake? Tena imekuja katika hadithi sahihi kwamba Adam (a.s.) alikuwa na urefu wa dhiraa sitini, na viumbe wamekuwa wakipungua tangu hapo. Kwa hoja kama hizi Ibn Kathir (aliyefariki mwaka 1373) alikikataa kisa hiki. Kimo katika fungu la pili.

Ndugu msomaji, usiseme kwamba haya ni mambo madogo. Mtoto anamsikia mwalimu mmoja, kwa sauti moja, akisimulia Uj na akisimulia Israa na Miraji. Akifika sekondari akagundua kwamba Uj hakuwepo, atakuwa na haki ya kuuliza: na lile la pili je? Imani yake tutakuwa tumeitikisa sisi tuliotaka kuijenga.

Wala tusikikatae kisa kwa sababu tu kimetoka kwa Mayahudi. Qur'an imetuamuru tufanye uadilifu hata kwa tunaowachukia (5:8). Kipimo ni dalili.

Kwa hiyo walimu wa madrasa tufanye jambo jepesi: kabla ya kusimulia, tuseme kisa kimetoka wapi. Cha Qur'an tukitaje sura na aya. Cha hadithi tukitaje aliyeipokea. Cha Bani Israil tuseme ni chao. Na tulichokitunga wenyewe ili watoto wapate funzo, tuseme tumekitunga. Watoto hawatakosa kukipenda kwa sababu hiyo.

Wabillahi tawfiq.