Kumkumbuka Mungu Katikati ya Kazi

Wakatekumeni wengi humwuliza katekista wao neno hili: "Mtu atasalije, naye tangu alfajiri hana nafasi?" Ulizo hili ni la kweli. Mama huamka kabla ya jua, huteka maji, hutafuta kuni, hutwanga mihogo, hunyonyesha mtoto, kisha hushika njia ya shamba. Baba hulima, huvua samaki, au hufanya kazi ya mshahara. Jioni ikifika, mwili umechoka, na usingizi huja kabla sala haijaisha. Ndipo mtu asemapo moyoni mwake: "Sala ni ya mapadri na masista. Mimi ni mtu wa jembe." Neno hilo lamdanganya. Akilishika, atamwacha Mungu kanisani siku ya Dominika, asikutane naye tena mpaka juma lijalo.

Tena kuna hasara ya pili. Mikono ya mtu hushika mchi, lakini moyo wake haupo pale kinuni. Waenda sokoni kuhesabu deni, warudi kwa jirani aliyemtukana jana, wakimbilia mashaka ya kesho. Kazi hufanywa vibaya, na hasira huongezeka. Wazee walisema: Mshika mawili, moja humponyoka. Mtu wa namna hii yamponyoka yote mawili, kazi yake na amani yake.

MPISHI WA PARIS

Zamani katika nchi ya Ufaransa palikuwa na mtu aliyelijibu ulizo hilo kwa maisha yake. Jina lake Nicolas Herman. Alizaliwa yapata mwaka 1614 katika kijiji cha Hériménil, nchi ya Lorraine, kwa wazazi maskini. Alipokuwa na miaka 18, siku moja wakati wa baridi aliona mti uliopukutika majani yote. Akafikiri kwamba baada ya muda mti ule utachipua tena, utachanua na kuzaa matunda. Mawazo hayo yakampa imani kuu katika uwezo wa Mungu. Baadaye akawa askari, akajeruhiwa vitani. Kisha akawa mtumishi wa bwana mmoja, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa mizito, alivunja vyombo vingi.

Mwaka 1640 aliingia katika nyumba ya watawa Wakarmeli mjini Paris, akaitwa Ndugu Laurent wa Ufufuko. Hakuwa padri, alikuwa mtawa wa kazi za mikono. Wakubwa wake wakampeleka jikoni. Kazi hiyo hakuipenda hata kidogo, lakini aliishika muda wa miaka 15 hivi. Baadaye alitengeneza viatu vya watawa wenzake. Akafa mwaka 1691. Padri Joseph de Beaufort, aliyezungumza naye tangu mwaka 1666, ndiye aliyekusanya barua zake na mafundisho yake.

Siri ya Ndugu Laurent ilikuwa nini? Hakuigawanya siku mafungu mawili, moja la Mungu na moja la vyungu. Jikoni palikuwa na makelele, watu wakiitana, kila mmoja akitaka chake upesi. Naye alisema na Mungu kimya kimya, kama mtu asemavyo na rafiki aliye karibu. Mayai aliyageuza kikaangoni kwa kumpenda Mungu. Hata unyasi mmoja aliweza kuuokota chini kwa mapendo hayo. Alijua ya kuwa Mungu hatazami ukubwa wa kazi, bali mapendo yaliyo ndani yake.

Mtu asidhani kwamba alipata amani hiyo kwa siku moja. Muda wa miaka 10 ya kwanza aliteswa sana rohoni: mawazo yake yalitangatanga, na dhambi zake zilimtia hofu. Lakini kila alipotambua amemsahau Mungu, alikiri kosa lake kwa unyofu, akarudi mara. Hakupoteza wakati kwa kujikasirikia.

JINSI YA KUFANYA

1. Kabla ya kazi. Mkatekumeni asimame kidogo, jembe au kapu mkononi, afanye Ishara ya Msalaba na kusema: "Bwana, kazi hii ni yako."

2. Katikati ya kazi. Achague alama za kumkumbusha: mwisho wa kila tuta, kila mtungi ujazwapo, kila anyoshapo mgongo. Hapo aseme neno fupi kwa Mungu, kisha airudie kazi yake kwa moyo wote. Asiache chungu kikaungua kwa kisingizio cha sala, maana kazi iliyofanywa vizuri nayo ni sadaka.

3. Moyo ukipotea. Bila shaka utapotea. Aurudishe polepole, kama mama amrudishavyo mtoto aliyetambaa kuelekea motoni: hampigi, humchukua tu. Ukipotea mara mia, aurudishe mara mia.

4. Mwisho wa kazi. Amshukuru Mungu, na aombe msamaha kwa maneno ya hasira aliyoyasema.

Hayo hayaondoi sala za asubuhi na jioni, wala Misa ya Dominika. Yaziunganisha, kama kamba iunganishavyo shanga.

MAULIZO NA MAJIBU

U. Mtu mwenye kazi nyingi aweza kusali?
J. Ndiyo. Aweza kumkumbuka Mungu katika kazi ile ile.

U. Ni kazi ipi impendezayo Mungu?
J. Kila kazi njema ifanywayo kwa mapendo, hata iliyo ndogo.

U. Mkatekumeni afanye nini akiona amemsahau Mungu?
J. Asikate tamaa, amrudie mara hiyo hiyo.