Jukwaa Linalopanda Mlingoti: Maswali ya Mafundi wa Gatete

Mtazame mkata michikichi akipanda mti mrefu hapa Gatete, Rumonge, nchini Burundi, kufuata ngazi, yaani vichala vya chikichi. Kabla mguu haujaacha ardhi, kamba imekwisha kuzungushwa shinani. Akishuka, kamba ndiyo ya mwisho kufunguliwa, nyayo zikiwa tayari mchangani. Hakuna anayeifungua angali juu eti kwa kuwa ngazi zimekwisha kukatwa.

Kazi ya jukwaa la ujenzi ina sheria hiyohiyo. Nyumba nyingi za hapa ni fupi, na jukwaa la mikaratusi linazitosha. Lakini vijana wa Rumonge hawajengi hapa tu. Huondoka na mwiko na timazi kwenda Bujumbura, Kigoma na Dar es Salaam, na wengine hufika Oman na Dubai. Huko mtu anaweza kuambiwa siku ya kwanza apande jukwaa la mashine, linalopanda kwenye mlingoti, ambalo hakuwahi kuliona. Haya ni majibu ya maswali ambayo fundi yeyote angeuliza kabla ya kukanyaga.

Ni mashine gani hasa?

Ni sakafu ya chuma yenye uzio, inayopanda na kushuka kwenye mlingoti uliosimamishwa kando ya ukuta. Mlingoti huunganishwa kwa vipande vya chuma, kwa kawaida vya mita 1.5 hivi, kimoja juu ya kingine. Ubavuni mwake kuna reli ya meno. Mota, ya umeme au ya mafuta, inazungusha gia inayouma meno hayo, na sakafu inapanda polepole. Ukiwa na mlingoti mmoja, sakafu inatokeza kulia na kushoto kama mizani. Ikiwa na milingoti miwili, sakafu inalala katikati na inaweza kuwa ndefu zaidi, kubeba watu, matofali na saruji kwa pamoja.

Ina breki ya kawaida, na breki ya pili inayokamata yenyewe sakafu ikianza kushuka kwa kasi kupita kiasi. Ina swichi za kuisimamisha ikifika kikomo cha juu na cha chini.

Chini pawe vipi?

Hapa ndipo sisi wa ufukweni tunapaswa kusikiliza mara mbili. Ardhi ya kando ya Ziwa Tanganyika ni mchanga na tope, na maji hayako mbali na uso. Ziwa lilipopanda mwaka 2021 na tena 2024, lilifika milangoni mwa watu mjini Rumonge. Udongo uliolowa hivyo unaweza kuonekana mkavu juu huku chini ukiwa uji.

Tufanye hesabu ya mfano. Mashine pamoja na mzigo wake ina tani 4. Ukiisimamisha juu ya bamba la sentimita 50 kwa 50, ile robo ya mita ya mraba inabeba tani zote 4, yaani ni kama tani 16 kwa kila mita ya mraba. Ukimwaga zege la mita 1.5 kwa 1.5, uzito uleule unashuka hadi chini ya tani 2 kwa mita ya mraba. Mashine ni ileile. Kilichobadilika ni kiatu chake.

Kwa hiyo usiisimamishe juu ya shimo la choo la zamani, mtaro uliofukiwa jana, au kifusi. Usitie matofali chini ya mguu ili kusawazisha, kwa kuwa tofali hupasuka bila kuaga. Mlingoti upimwe kwa pimamaji pande mbili kabla ya kupandisha kipande cha pili, kisha tena kila unapoongeza. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi upimwe upya.

Ukuta gani unaweza kuushika mlingoti?

Mlingoti mrefu hausimami kwa nguvu zake. Unafungwa kwenye jengo kwa vyuma vinavyoingia ukutani, na kitabu cha mashine ndicho kinachosema vikae kila baada ya mita ngapi. Mashine zinatofautiana, kwa hiyo kipimo cha kampuni hii usikipeleke kwa ile.

Swali ambalo kitabu hakiwezi kukujibia ni ukuta wenyewe. Ukuta wa matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo hauwezi kushika mlingoti. Boliti itatoka na tofali lake, kama jino bovu. Funga kwenye zege lenye nondo: nguzo, sakafu ya ghorofa, au ule mkanda wa juu ya madirisha ambao mafundi huuita shenaje. Na zege liwe limekomaa. Lililomwagwa wiki iliyopita bado ni changa, hata kama linagongwa na kulia. Baada ya kufunga, kila kishikio kijaribiwe kwa kuvutwa kabla ya kukitegemea.

Jukwaa linabeba uzito gani?

Soma kibao kilichopigiliwa kwenye mashine. Uzito ulioandikwa pale ni wa kila kitu kinachopanda: watu, vifaa, matofali, saruji na maji.

Tuseme kibao kinasema kilo 1,000. Mafundi wawili na yede (kibarua wa fundi) mmoja, kwa kilo 80 kila mtu, ni 240. Mifuko minne ya saruji ya kilo 50 ni 200. Matofali 150 ya kilo 3 ni 450. Ndoo tano za maji za lita 20 ni 100. Jumla ni 990. Umebakiwa na kilo 10, na toroli, hata likiwa tupu, halipandi.

Hesabu hiyo ni sahihi mzigo ukisambazwa tu. Ukirundika matofali yote upande mmoja, mlingoti unapindwa hata kama jumla iko chini ya kikomo. Kibao kizuri huonyesha pia mchoro wa mahali pa kuweka mzigo. Wapagazi wa bandarini Rumonge wanalijua hili bila kibao: boti haizamishwi na mzigo mkubwa tu, huzamishwa pia na mzigo uliokaa upande mmoja.

Upepo ukianza?

Kitabu cha mashine hutaja kasi ya upepo ambayo kazi lazima isimame. Mashine nyingi hukomea karibu na mita 12 hadi 15 kwa sekunde, na wakati wa kusimamisha au kufungua mlingoti kikomo huwa chini zaidi. Chombo cha kupimia upepo kiwe juu, si getini. Ukikikosa, tazama miti: matawi makubwa yakiyumba na mwavuli ukikushinda, upepo umekwisha kufika kwenye mita 11 hadi 14 kwa sekunde. Shukeni.

Mvuvi wa ndagala hutazama ziwa kabla ya kutoa mtumbwi, na kapita, msimamizi wa jukwaa, naye atazame angani. Wingu zito likitokea juu ya milima ya Kongo, ng'ambo, usingoje lifike ndipo useme "tumalize safu hii". Na ole wake anayetundika turubai kwenye uzio ili kuzuia jua. Ameweka tanga kwenye mlingoti, na mlingoti ule haukutengenezwa kusafiri. Jioni, jukwaa liachwe chini na ufunguo utolewe.

Kila asubuhi tukague nini?

Anza chini, malizia juu. Ardhi haijabonyea? Miguu imekaza? Mlingoti bado umenyooka? Boliti ziko zote? Mlingoti wa mita 30 una vipande 20 hivi. Kama kila kiungo kina boliti nne, hizo ni 80 hivi, na kila moja ikazwe kwa spana inayopima nguvu, si kwa mkono na makadirio. Vishikio vya ukutani havijalegea? Meno ya reli hayana chokaa iliyokauka wala jino lililovunjika? Uzio umefungwa pande zote, lango linajifunga? Kimo cha kawaida cha uzio ni mita 1.1, na chini pawe na ubao wa kuzuia vitu visidondoke.

Kisha pandisha sakafu mita moja au mbili, bila mzigo, ujaribu breki, swichi za kikomo na kitufe chekundu cha dharura. Andika daftarini tarehe, jina na ulichokiona. Kisichofanya kazi kinasimamisha mashine. Hakuna cha "tutatengeneza saa sita".

Chini ya jukwaa pazungushiwe kamba au mabati, watoto na wapita njia wasipite. Nyaya za umeme zipimwe kwa macho kabla ya mlingoti kusimama: kaa mbali nazo kwa mita 3 au zaidi, na zenye nguvu kubwa zinataka umbali mkubwa zaidi. Kama nafasi haitoshi, umeme ukatwe na Regideso, shirika la umeme, lenyewe. Kuvika waya mpira si kinga.

Umeme ukikatika tukiwa juu?

Breki inakamata na sakafu inasimama. Hakuna hatari mradi hakuna anayepanda uzio ili kushuka kwa mlingoti. Mashine ina mkono wa kuachia breki kidogo kidogo, sakafu ikashuka kwa uzito wake. Achia, simamisha, achia tena, ili breki isipate moto. Kwenye milingoti miwili wanahitajika watu wawili, kila mmoja upande wake, wakiitana ili sakafu isiinamie upande mmoja. Zoezi hili lifanywe siku ya kwanza, mashine ikiwa chini, siyo siku ya kwanza ya giza.

Kwa nini siku ya kufungua ndiyo ya kuogopwa?

Sikiliza visa viwili. Tarehe 3 Aprili 2006, katika mtaa wa Boylston mjini Boston, Marekani, jukwaa la aina hii lilianguka barabarani. Walikufa mafundi wawili, na daktari aliyekuwa akipita na gari lake. Tarehe 23 Machi 2015, mjini Raleigh katika jimbo la North Carolina, jukwaa jingine lilianguka, watatu wakafa na mmoja akajeruhiwa vibaya. Miji miwili, na miaka tisa katikati yake. Mara zote mbili kazi ya ukuta haikuwa ikiendelea. Jukwaa lilikuwa linafunguliwa.

Sababu ya hatari inaeleweka. Siku za kazi, mlingoti umeshikwa kila mahali. Siku ya kufungua, vishikio vinapungua saa hadi saa, na wakati huohuo sakafu inazidi kulemewa, kwa sababu vipande vya mlingoti vinavyotolewa hupangwa juu yake. Vipande kumi vya kilo 60 ni kilo 600, na vitabu vingi huweka kikomo kidogo zaidi cha mzigo kwa siku hiyo. Ongeza lori linalosubiri, bosi anayepiga simu, na mafundi ambao mioyo imekwisha kwenda nyumbani.

Utaratibu ni wa mkata michikichi. Anza kileleni. Toa vipande vya juu hadi ukifikie kishikio, ndipo ukifungue hicho kimoja, kisha shuka kwenye kinachofuata. Sehemu ya mlingoti inayobaki wazi juu ya kishikio isizidi kipimo cha kitabu. Sakafu ikijaa vipande, shusha, pakua, ndipo urudi. Usipite kwanza ukifungua vishikio vyote ili "kurahisisha kazi", na usimwache mtu wa pili afungue vya chini wakati wewe uko juu. Wakati huu mkanda wa mwili ni lazima, kwa kuwa uzio hufunguliwa mara kwa mara. Ndoana yake ifungwe mahali palipoonyeshwa na mtengenezaji.

Nani aruhusiwe kuendesha?

Aliyefunzwa kwa mashine ile na kupimwa. Kujua kuendesha si kujua kusimamisha wala kufungua. Hayo ni mafunzo mengine. Katika nchi nyingi kadi inayotambuliwa ni ya IPAF, shirikisho la kimataifa la majukwaa ya mashine lililoanza 1983, nayo hudumu miaka 5. Ukienda Tanzania, fahamu kwamba kuna wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, OSHA, na sheria yake ya mwaka 2003. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007.

Naweza kukataa kupanda? Nikiumia je?

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejitenga na hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu ya msingi, asiadhibiwe. Juni 2022 mazingira salama ya kazi yaliingizwa katika haki za msingi ambazo nchi zote wanachama, Burundi ikiwemo, zinapaswa kuziheshimu. Burundi nayo ina sheria ya kazi iliyorekebishwa tarehe 24 Novemba 2020, na INSS, taasisi ya hifadhi ya jamii, inashughulikia ajali za kazini pamoja na pensheni. Kabla ya kupokea mwiko, muulize mwajiri: nimeandikishwa? Swali hilo lina thamani kubwa kuliko faranga za siku ile.

Na sisi tunaojenga kwa mikaratusi?

Kila jibu lililo hapo juu linawahusu. Mti usisimame juu ya mchanga uliolowa bila kitu kipana chini yake. Kamba iwe mpya. Mbao za kukanyagia zifungwe, matofali yasirundikwe. Na kuna kosa moja linaloonekana sana: nyumba ikikaribia kwisha, kapita anahitaji mti mahali pengine, anamwambia yede, "Chomoa ule wa mshazari, haubebi mtu." Ni kweli, mti ule haubebi mtu. Kazi yake ni kuishika ile inayobeba, na fundi bado yuko juu, anapiga lipu.